Chuma Nyuma ya Mabega

Mtito Andei ndipo msafiri wa Mombasa anapopumua. Ni kama nusu ya njia kutoka Nairobi, ndani ya Makueni, lango la Tsavo Magharibi liko kando tu ya barabara kuu. Basi likisimama, abiria hufungua mikanda na kushuka kujinyoosha. Mikanda hiyo ilitiliwa mkazo na kanuni za mwaka 2004, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, na wakazi wa barabara hii, walioona ajali kwa macho yao, hawahitaji kuhubiriwa faida yake. Ninayemsifu hapa ni ndugu yake asiyejulikana sana: mkanda wa gari la mashindano, wenye ncha sita, pamoja na paipu inayoushikilia nyuma ya siti. Na hasa nawasifu mafundi wanaojua kuufunga.

Kenya ina haki ya kuuzungumzia ufundi huu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miongo mingi ilikimbizwa kwenye barabara zilezile za kila mtu, zenye mabasi, baiskeli na ng'ombe. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 akiendesha Volvo PV544, gari ambalo mwaka 1959 lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuuzwa na mkanda wa ncha tatu wa mhandisi Nils Bohlin. Lakini moyo wangu uko kwa gari dogo zaidi. Mwaka 1993 Subaru walileta Vivio, kigari cha injini ya sisi 660, kishindane na akina Toyota Celica. Colin McRae aliyatoa jasho magari makubwa siku ya kwanza kabla ya gari lake kuvunjika. Patrick Njiru, Mkenya, aliivumilia njia mpaka mwisho, akawa wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Kila nikifikiria kibati kile kikiruka makorongo, najiuliza nani alimfunga Njiru kwenye siti, na alifungaje.

Maana gari dogo ni gumu kufunga mkanda. Nyuma ya siti ya dereva hakuna nafasi: ni siti ya abiria, halafu buti. Fundi mwenye haraka huipeleka mikanda ya mabega moja kwa moja sakafuni, kwenye bolti zilizoachwa na mikanda ya kiwanda. Ukiivuta kwa mkono imekaza, na mwenye gari hulipa akaenda zake. Siku ya kugonga, mwili hurushwa mbele, na mkanda ulioshuka wima namna ile humkandamiza mtu chini kwa mabega yake, mzigo wote ukaishia kwenye uti wa mgongo. Isitoshe, mkanda mrefu hunyumbuka kuliko mfupi, na ndani ya kigari sentimita chache za kunyumbuka ndizo zinazokutenga na usukani. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka mkanda wa bega usishuke zaidi ya nyuzi 45 kutoka ukingo wa juu wa siti, na zinashauri usizidi nyuzi 10. Ni kwa sababu ya nyuzi hizo 10 paipu inahitajika: chuma kinachokatiza gari kutoka ubavu hadi ubavu, karibu na mgongo wa siti, chini kidogo ya mabega.

Fundi ninayemheshimu haanzi na drili. Anaanza na mtu. Dereva aingie, avae helmeti, ashike usukani, akanyage klachi hadi mwisho. Siti ikishapata mahali pake na kukazwa, ndipo mabega yanapimwa, kama fundi cherehani anavyompima mteja kabla ya kugusa mkasi. Paipu yenyewe, kwa kanuni hizohizo za FIA, ni chuma kisicho na mshono, kipenyo milimita 38 kwa unene wa 2.5, au 40 kwa 2. Panapotobolewa mahali papya kwenye bodi, bati pekee halitoshi. Huwekwa sahani ya chuma ya sentimita mraba 40 au zaidi, yenye unene wa milimita 3. Kila ncha ya bega au ya kiuno hutakiwa kustahimili mvuto wa karibu tani moja na nusu, sawa na kuning'iniza Vivio mbili. Kutu iliyofichwa chini ya rangi haiwezi kubeba mzigo huo, kwa hiyo rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae.

Halafu kuna kazi ya vidole, ninayoipenda kuliko zote. Mkanda hupenyezwa kwenye kipande kidogo cha chuma chenye matundu mawili, huzungushwa kwenye paipu, hurudishwa kwenye kipande kilekile, kisha hukunjwa na kupenyezwa tena juu ya tabaka la kwanza. Ncha inayobaki isipungue sentimita 10, na kipande kisukumwe hadi kikaribiane na paipu. Ukiruka mpenyezo ule wa mwisho, hutaona tofauti yoyote gari likiwa limesimama, lakini mkanda unaweza kuchomoka wote siku unapohitajika.

Kuna vijana wanaotia paipu na mikanda myekundu kwenye Vitz ya kwendea kazini, siti ikiwa ya kiwanda na hakuna keji ya mabomba ya kushikilia paa. Nasema bila kumung'unya maneno: waache. Mkanda huu humshika mtu wima. Gari likibiringika na paa kubonyea, hana pa kuinamia. Kwa barabara ya Mombasa, mkanda wa ncha tatu uliokuja na gari ndio wake. Vilevile mkanda wa mtumba uliokwisha muda wake, au uliowahi kupitia ajali, hata ukifuliwa ukanukia sabuni, ni wa kukatwa na kutupwa. Jua la Ukambani peke yake hudhoofisha nyuzi zake.

Mikanda ikishakaa, dereva hufundishwa kuivaa: wa kiuno kwanza, ukilala chini kwenye mifupa ya nyonga, usipande tumboni, ya mapajani huuzuia usivutwe juu, ya mabega hukazwa mwisho. Baada ya mwendo mfupi wa barabara ya vumbi, spana hurudi kwenye kila bolti. Halafu fundi huhamia upande wa kushoto, kwa msaidizi anayesoma njia. Huyu ana mabega yake na kimo chake, na mara nyingi siti yake iko chini zaidi, basi vipimo vya dereva havimfai. Anaambiwa naye aingie, avae helmeti, aketi.