Mifupa, Vina na Mwendo wa Kimandolu

Mshairi na mchoraji wa katuni za kompyuta wanafanana kwa jambo moja: wote wawili hupanga vituo, kisha huwajibika kwa yaliyomo baina ya vituo. Mtunzi wa tarbia hujua mapema kwamba kina cha kati kitaangukia mizani ya nane na cha mwisho mizani ya kumi na sita. Kupata vina hivyo si kazi kubwa. Kazi ni kuijaza ile safari ya kutoka kina kimoja hadi kingine isiwe maneno ya kukamilishia hesabu tu.

Katika uhuishaji wa kompyuta, mhusika hutiwa kiunzi cha mifupa ndani ya umbo lake. Mfupa wa mkono wa juu ndio mzazi, wa kigasha ndio mwana, wa kiganja ndio mjukuu. Ukiuzungusha wa juu, wa chini hufuata. Mchoraji hahitaji kupanga kila picha kati ya zile 24 zipitazo katika sekunde moja ya filamu. Huweka mkao wa mifupa katika picha chache teule, tuziite fremu kuu, nayo kompyuta hukokotoa mikao iliyobaki.

Mbinu hii ina umri. Mwaka 1974 Peter Foldes alitoa nchini Kanada filamu fupi, La Faim, akishirikiana na watafiti Nestor Burtnyk na Marceli Wein. Kompyuta ilijaza michoro baina ya ile aliyoichora msanii, na filamu hiyo ilisifika kwa maumbo yanayoyeyuka moja kuingia jingine. Mwaka 1976 watafiti hao wawili wakachapisha njia ya kutumia kiunzi cha mifupa ili msanii autawale mwendo zaidi. Maana yake ni kwamba tangu zama hizo ilikwisha fahamika kuwa mashine ikiachiwa nafasi ya kati, huijaza kwa namna yake.

Namna hiyo ndiyo tatizo letu. Tumchukue mama anayepanda njia ya Kimandolu, mjini Arusha, Mlima Meru ukiwa juu yake, na mkungu wa ndizi kichwani. Mwendo wa kawaida unaofundishwa vitabuni una mikao minne: mguu kugusa ardhi, mwili kushuka, miguu kupishana, mwili kupanda. Mkimpa mama yule mikao hiyo na kuiachia mashine, mkungu utarukaruka kama mpira. Shingo yake imenyooka, mabega yametulia, na kazi yote imeachiwa nyonga na magoti. Watafiti waliowapima wanawake wa Kenya walieleza mwaka 1986 kwamba waliweza kubeba kichwani mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada. Mwaka 1995 ikaelezwa sababu: mwili wa mtembezi hupanda na kushuka mfano wa pendulamu iliyopinduliwa, na akina mama hao, wakiwa na mzigo, hupoteza nguvu kidogo zaidi katika mbembeo huo. Huo ni ujuzi uliomo mwilini, kama bahari za shairi zilivyo ujuzi uliomo sikioni.

Je, katuni zetu zimeuona ujuzi huu? Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa kuanzia mwaka 2010, ilipita njia ya busara. Wanyama wake wametokana na mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyefariki mwaka 1972, nao husogea kama picha bapa zinazojijua kuwa picha. Uchache wa mwendo ukawa mtindo. Akili and Me, ya Ubongo wa Dar es Salaam, ina mzigo mzito zaidi, kwani mhusika wake ni binadamu: mtoto wa miaka minne aishiye chini ya Kilimanjaro, jirani ya Meru. Lugha yake na nyimbo zake zimekaa nyumbani. Viungo vyake, kwa jicho langu, bado ni vya mtoto wa popote.

Yamkini nitajibiwa kuwa fedha ni chache. Ni kweli, lakini mikao minne iliyochunguzwa Kimandolu haizidi kwa idadi mikao minne iliyonakiliwa kitabuni. Vilevile mifupa yote ikipewa fremu kuu kwa wakati mmoja, mwili mzima huanza na kusimama pamoja kama askari wa gwaride. Kiganja kikicheleweshwa picha mbili tu nyuma ya kigasha, uhai huingia.

Msomaji wa visiwani asidhani haya ni ya bara peke yake. Lelemama yetu ni ngoma ya miondoko midogo ya mikono na vichwa, na udogo huo ndio adabu yake. Kompyuta ikiachiwa iijaze, italainisha kila kituo mpaka ngoma iwe upepo. Sisi tuliozoea kumkosoa mtunzi kwa mizani moja iliyopungua tuna sikio linalohitajika katika fani hii. Wahakiki wa ushairi na waizoeze macho yao kazi hiyo, kabla watoto wetu hawajajifunza kutoka kwenye kioo kwamba bibi zao hutembea vibaya.