Zana za Darasa la Mbali: Uhakiki wa Namna Tuzichaguavyo

Nimekusudia katika makala hii kuhakiki desturi moja iliyoenea katika vyuo vikuu vyetu tangu mwaka 2020, wakati maradhi ya korona yalipofunga madarasa na kuwalazimisha walimu wengi kutafuta njia za kuwafundisha wanafunzi wasioonana nao. Desturi yenyewe ni hii: mwalimu akitaka kupanga kozi ya mbali, swali lake la kwanza huwa ni programu ipi iliyo bora. Nathubutu kusema kwamba swali hilo halina jawabu, kwa kuwa halikutaja kazi. Seremala haulizwi kama msumeno ni bora kuliko randa. Huulizwa kwanza anatengeneza nini.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya, na watu kama milioni 2 wakashiriki. Zana zake zilikuwa tatu: redio, kijitabu, na kikundi chenye kiongozi aliyefunzwa kazi yake. Redio ilileta sauti kwa wote wakati mmoja. Kijitabu kilibaki mkononi redio iliponyamaza. Kikundi kiliuliza, kikajadili, kikaamua la kufanya. Hapana zana moja iliyotwishwa kazi ya zote tatu. Msomaji akilishika jambo hilo ataona mara moja kosa letu la leo liko wapi.

Kosa letu ni kuhamisha ratiba badala ya kuhamisha mafunzo. Kipindi cha saa mbili ukumbini tumekifanya kipindi cha saa mbili mbele ya Zoom, tukadhani kwamba darasa nalo limehamia huko. Nachukua mfano wa kozi niijuayo, nayo ni arudhi ya ushairi wa Kiswahili. Mwanafunzi wa kozi hii yampasa aweze kufanya mambo matatu: kuisikia mizani katika mahadhi, kuzichambua beti zilizo mbele ya macho yake, na kuitetea hoja yake mbele ya wenzake. Kila moja lataka zana yake.

Tuanze na sauti. Programu za mikutano zimeundwa kuchukua maneno ya mazungumzo. Hupunguza makelele yaliyo nyuma ya msemaji, na sauti ya kuimba iliyovutwa huweza kuhesabiwa kuwa ni makelele, ikafifizwa. Tena mtandao ukilegea, silabi hukatika. Katika mazungumzo ya kawaida silabi moja ikipotea maana hubaki. Lakini katika utenzi, ambao desturi yake ni mizani 8 kwa kila mshororo, silabi moja ikipotea mizani ni 7. Mwanafunzi aliyeamriwa kuhesabu atakuwa amehesabu sawasawa, na jawabu lake litakuwa la makosa. Ubaya si wa programu, bali ni wa aliyeitia katika kazi isiyo yake.

Kisha kuna gharama. Picha inayokwenda kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Kwa saa mbili kila juma, katika majuma 12, jumla yake ni gigabaiti 10.8. Sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, yenye urefu wa dakika 10, ni megabaiti 2.4 tu. Sauti tatu za namna hiyo kila juma, kwa majuma 12 yote, hazifiki megabaiti 90. Na mwanafunzi akiisha kuipakua sauti aweza kuisikiliza mara kumi bila ya kulipa tena.

Hesabu hizi sikuzifanya mapema kama ilivyonipasa. Katika kozi moja niliyoifundisha kwa mbali alikuwamo msichana ambaye kwa majuma sita hakusema neno. Nikamwandikia alama ndogo ya ushiriki, na pembeni nikaandika kwamba ni mvivu. Baadaye kazi yake ya maandishi ilipofika, nikaona kwamba amezipambanua beti vizuri kuliko wote. Nilipomwuliza akanijibu kwa adabu: “Mwalimu, bando langu lilikuwa likiisha dakika ya kumi.” Nilikuwa nimempima fedha, nikadhani nimempima bidii. Alama niliisahihisha; lakini sijui ni wangapi wengine niliowapima hivyo ambao hawakuandika kazi nzuri ya kuwatetea.

Yafuata maandishi na majadiliano. Wengi hukimbilia WhatsApp, na sababu yao si mbaya: kila mwanafunzi anayo, na ujumbe hufika hata penye mtandao hafifu. Yafaa sana kwa tangazo. Walakini kwa hoja haifai, maana hoja ya jana huzikwa chini ya salamu za leo, na namba ya simu ya kila mmoja huonwa na wote. Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, hushika mjadala kwa mada na kuuhifadhi. Chuo chaweza kuiweka katika kompyuta zake chenyewe bila ya kununua leseni, na mwanafunzi aweza kupakua masomo katika simu akayasoma baadaye. Upungufu wake ni kwamba yataka mtu wa kuitunza, na chuo kisichokuwa na mtu huyo kitakuwa kimejenga nyumba isiyofagiliwa.

Liko na jambo la lugha, ambalo wasomaji wa jarida hili hawatanisamehe nikilinyamazia. Kozi ya Kiswahili ambayo milango yake yote imeandikwa Kiingereza yamfundisha mwanafunzi, kabla ya somo la kwanza, kwamba lugha yake ni ya kuzungumzwa ndani tu. Moodle huruhusu maneno yake yabadilishwe. Basi mahali pa majadiliano paitwe baraza, neno ambalo tayari lina adabu yake: mmoja husema na wengine husikiliza. Lakini tusichanganye. Kama ukurasa mmoja wasema nywila na wa pili wasema nenosiri, mgeni atadhani ni vitu viwili. Kozi ichague neno moja na kulishika mpaka mwisho.

Huenda mwenzangu akapinga kwamba bila ya kuonana uso kwa uso darasa hufa, na upweke huwafukuza wanafunzi. Nakubali kwamba asema kweli. Ndiyo sababu sishauri mkutano wa Zoom uachwe. Nashauri upewe kazi iliyo yake, nayo ni kuuliza na kujibizana, kwa nusu saa, baada ya sauti kusikilizwa na beti kusomwa. Na asiyeweza kuhudhuria aandike swali lake barazani, lisomwe mkutanoni kama la waliohudhuria, na jawabu lake liandikwe huko huko.

Kwa hiyo mwenye kupanga kozi na ajiulize mambo matatu kabla ya kutaja jina la programu yoyote: kazi ni ipi, gharama ni ya nani, na kumbukumbu itabaki wapi. Akiyajibu kwa uaminifu, zana zitajichagua zenyewe, na aghalabu zitakuwa ndogo na rahisi kuliko alivyodhani. Asipoyajibu, ataendelea kuwapa alama wanafunzi kwa nguvu ya mitandao yao, naye asijue.