Chapa ya kwanza: namna kitabu cha kale chenye picha kinavyotambuliwa

Chapa ya kwanza ni nakala zote zilizotoka mtamboni kitabu kilipochapwa kwa mara ya kwanza. Toleo ni jambo jingine. Kitabu kikipangwa herufi upya, kikisahihishwa sana au kikitiwa picha mpya, hilo ni toleo jipya. Kikirudiwa kama kilivyo, ni chapa nyingine ya toleo lilelile. Mkusanyaji wa riwaya za Kiingereza za enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) hutafuta chapa ya kwanza ya toleo la kwanza, yenye picha zake zote.

Picha hizo zilitiwa kitabuni kwa njia kuu mbili. Riwaya nyingi za Charles Dickens, zilizotoka vipande vipande kila mwezi, zilipambwa na Hablot Browne, aliyejulikana kwa jina la Phiz, kwa mabamba ya chuma yaliyochimbwa kwa tindikali. Wino wa bamba hukaa ndani ya mitaro, ilhali wino wa herufi hukaa juu, kwa hiyo viwili hivyo havichapiki pamoja. Picha ilichapwa kwenye karatasi yake na kupachikwa wakati wa kujalidi. Njia ya pili ni ubao wa mti mgumu uliochongwa hata mistari ya picha ikabaki imeinuka kama herufi, nayo ikachapwa pamoja na maneno. Ndivyo zilivyofanywa picha 42 za John Tenniel katika Alice's Adventures in Wonderland.

Tofauti hiyo huongoza ukaguzi. Picha ya kupachikwa hung'oka, au hukatwa ikauzwa peke yake, kwa hiyo mnunuzi huzihesabu moja moja akifuata orodha iliyo mwanzoni mwa kitabu. Picha ya ubao iliyo kati ya maneno haitoki bila ukurasa wake kupungua.

Hatua inayofuata ni alama za chapa. Tenniel hakuridhika na uchapaji wa Alice wa mwaka 1865. Nakala zilirudishwa, kitabu kikachapwa upya na kupewa mwaka 1866. Za awali zinazojulikana leo ni ishirini na kitu tu. King Solomon's Mines ya H. Rider Haggard, iliyotolewa na Cassell mwaka 1885, ina ramani ya rangi inayokunjwa mwanzoni, na chapa ya kwanza hutambulikana kwa makosa yake: ukurasa wa 307 una "wrod" mahali pa "word". Nakala iliyopoteza ramani hushuka thamani, hata kosa hilo likiwepo.

Kwa mkusanyaji wa Dar es Salaam, anayepita Feri, Posta na Kariakoo akipekua vitabu vilivyotumika, kanuni hizo hizo huhamia kwenye tafsiri za Kiswahili. Frederick Johnson alitafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, zikatolewa na Longmans mwaka 1929. Mwaka 1930 akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo ofisi yake ilikuwa mjini humu. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ikatoa Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies. Humo picha za Tenniel zilichorwa upya na Elisi akawa msichana wa Kiafrika. Picha hizo hazimo katika kitabu cha Kiingereza, kwa hiyo nakala ya 1940 ni toleo la kwanza kwa haki yake. Isichanganywe na Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu ya Ida Hadjivayanis, tafsiri mpya ya mwaka 2015 iliyorudi kwenye picha za Tenniel mwenyewe.

Mashimo ilisomwa sana shuleni na kupigwa chapa mara nyingi. Nakala za mwanzo ziliishia mikononi mwa wanafunzi, na nyingi zinazokutwa leo ni za baadaye. Jalada pekee si ushahidi, kwani kitabu cha shule hujalidiwa upya. Kinachosomwa ni ukurasa wa jina na nyuma yake, penye miaka ya kuchapwa: mwaka wa mwisho kwenye orodha ndio wa nakala iliyo mkononi. Muhuri wa shule husaidia kujua kitabu kilipita wapi, lakini muhuri wa maktaba usiofutwa rasmi ni onyo kwamba huenda bado ni mali ya maktaba hiyo. Kwa kulinganisha, upo mkusanyo wa East Africana katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwisho ni hali ya kitabu. Hewa ya Feri ina chumvi na unyevu, na wakati wa masika karatasi huota ukungu na kuingia madoa ya kahawia. Mende na wadudu wengine hula gundi ya mgongo; mchwa huanza na rafu iliyogusa ukuta. Kitabu husimamishwa mbali na ukuta, mahali penye hewa na pasipo jua, wala hakifungwi ndani ya nailoni. Ukurasa uliochanika huachwa hivyo ndani ya bahasha; selotepu huacha doa lisilotoka.