Lugha ya Wazimu na Mafunzo ya Wodini

Hospitali ya Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910 kama nyumba ya kuwafungia waliorukwa na akili, ni mahali ambapo wanafunzi wa udaktari na uuguzi hupelekwa kujifunza kazi. Aghalabu wanaoyajadili mafunzo hayo huzungumzia dawa na matibabu. Lugha hutajwa kwa nadra, ilhali mwanafunzi humpokea mgonjwa kwa maneno kabla ya kumpima.

Jamaa wamletapo mgonjwa husema amepandwa na wazimu, ameshikwa na kichaa, au amerukwa na akili. Vitenzi hivyo vyote vimo katika kauli ya kutendwa: kuna kitu kilichomjia mtu au kilichomtoka, na kilichopanda huweza kushuka. Neno wazimu lenyewe lina nasaba na mzimu. Nahau hizi, ijapokuwa zimebeba imani asizozikubali daktari, humwacha mgonjwa akiwa mtu kamili aliyepatwa na jambo. Sivyo ilivyo nomino mwendawazimu, ambayo humfanya mtu kuwa ndiyo maradhi yenyewe. Nayo, isemwe wazi, haikosekani vinywani mwa waliosoma.

Istilahi rasmi, ugonjwa wa akili, ilikusudiwa kuondoa fedheha hiyo. Hata hivyo imeleta nyingine. Akili kwa Mswahili ni werevu na busara. Mama aambiwapo kuwa mwanawe ana ugonjwa wa akili, huweza kusikia kwamba amezaa punguani. Naye aliyekosa usingizi kwa huzuni hajioni kabisa katika istilahi hiyo. Atasema moyo umemlemea, au kwamba anawaza mno. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiingereza yu katika hatari ya kuandika neno moja la Kiingereza failini na kuyatupa hayo mengine, ambayo ndiyo maelezo ya maradhi.

Hatari hiyo si ngeni Mathari. J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali hiyo mwaka 1938 bila mafunzo rasmi ya tiba ya akili. Kitabu chake cha mwaka 1953, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, kilimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Hoja hiyo imekwisha kukataliwa na wataalamu. Mazoea ya kumhukumu mgonjwa pasipo kuisikiliza sentensi yake hayafi upesi hivyo.

Kwa idara za Kiswahili, kukusanya nahau za jamaa wa wagonjwa, pamoja na sentensi zake kamili, kungefaa kutangulie utungaji wa istilahi mpya. Kwa upande wa wodi, mwanafunzi angetakiwa kuandika katika ukurasa wa kwanza wa faili maneno aliyojieleza nayo mgonjwa, jinsi alivyoyatamka.