Jitu Lililovuliwa Mifupa

Mwaka 1979, katika filamu yake Alien, Ridley Scott aliwaonyesha watazamaji kitu ambacho hakukieleza. Ndani ya chombo kilichotelekezwa katika dunia ya mbali, mabaharia watatu wa anga wanalikuta jitu limegeuka jiwe, limekaa kitini kana kwamba limeota humo, na mbavu zake zimevunjika kuelekea nje. Ni nani? Alikuwa akipeleka nini, na wapi? Filamu haijibu. Mabaharia wanapatwa na yao, na jitu linabaki pale pale.

Miaka 33 baadaye, mwaka 2012, Scott huyo huyo alileta Prometheus: filamu iliyotungwa nyuma ili isimulie yaliyotangulia. Mpenzi wa ile ya kwanza aliiendea akitaraji jibu, naye akapewa. Iliyodhaniwa kuwa mifupa, kumbe ni vazi. Kofia inavuliwa, unatokea uso wa mtu, mweupe na mwenye misuli, ambaye damu yake na yetu ni nasaba moja. Mpenzi akalalamika, na wako waliomcheka kama mtoto aliyenyang'anywa mwanasesere. Lakini lalamiko lake ni la haki, na katika kisiwa cha Kamange na Sarahani halihitaji kufafanuliwa sana. Mshairi hufunga fumbo, mwenzake hulifungua kwa beti zake, na pengine hapo hapo akafunga jingine. Aliyefumba akilifumbua mwenyewe, huwa amewapokonya wenzake zamu yao.

Filamu si bure tupu. Roboti David anapomuuliza Holloway kwa nini wanadamu walimuunda (neno kuumba na liachwe mahali pake), huyo anamjibu kwamba walimuunda kwa kuwa waliweza. David anamrudishia: je, wewe ungejisikiaje kupewa jibu hilo na aliyekufanya wewe? Hapa pana ushairi, nao umetiwa kinywani mwa asiye mtu.

Baadaye mzee Weyland, tajiri anayeogopa kufa, anafikishwa mbele ya jitu lililo hai kuomba maisha zaidi. Jitu linamng'oa David kichwa, na kwa kichwa hicho linampiga mzee. Kwa nini wametukusudia maangamizi? Hilo ndilo swali la filamu yenyewe, na ndilo lililoachwa. Alien: Covenant ya mwaka 2017 ikalipita bila kulijibu. Kisichoulizwa kimefumbuliwa hadi vifungo vya vazi, kilichoulizwa kimeahirishwa.

Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, aliishika njia nyingine katika Babu Alipofufuka, riwaya ya mwaka 2001. Humo wa kale hafuatwi mbinguni kwa chombo. Ndiye anayemjia K, mjukuu mwenye cheo na raha zake, akamtembeza aone alichokuwa na alichokuja kuwa. Prometheus inaihoji asili. Katika riwaya, asili ndiyo inayohoji, na msomaji haoni haja ya kuelezwa ufundi wa kufufuka. Babu anabaki na mifupa yake.

La Scott limekwishatendeka, tena halikuishia katika filamu mpya. Atakayeirudia Alien leo ataliona jitu kitini, na jicho lake litakwenda kutafuta mshono wa vazi.