Mikono na Kadi za Mwalimu

Mwalimu anaanza na manila nyeupe. Anaipima kwa rula, anaikata vipande vya mraba vinavyotosha kiganja cha mtoto, kisha anafungua maka peni nyeusi na kuchora kikombe: ukingo, mbavu mbili, kitako, mkono. Hatii kivuli wala ua. Chini yake anaandika “kunywa” kwa herufi ndogo zilizoachana vizuri. Anaisimamisha kadi ubaoni, anakwenda mpaka dawati la nyuma na kuitazama kutoka huko. Isiposomeka, anachora nyingine.

Nilimuuliza mbona hapaki rangi. Akaniambia kuwa zamani kikombe chake kilikuwa cha bluu. Mtoto mmoja mwenye usonji aliizoea kadi ile, lakini siku alipoletewa maji kwenye kikombe chekundu aliyakataa kabisa. Kwake, kadi ilikuwa inataja kikombe kimoja tu duniani. Tangu hapo Mwalimu huchora kwa weusi mtupu.

Anafundisha kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule ya msingi ya kawaida mjini Tanga. Baadhi ya watoto wana usonji, wengine mtindio wa ubongo, wengine ulemavu wa akili. Wengi wao husikia, ila maneno hayawatoki, au hutoka nusu.

Kadi zikishafunikwa kwa selotepu pana, hupangwa kwenye kamba iliyofungwa ukutani usawa wa vifua vya watoto, kila moja kwenye kibanio cha nguo: salamu, hesabu, kunawa, uji, michezo, nyumbani. Jambo likiisha, mtoto hutoa kadi yake na kuitia boksini. Mvua ikinyesha na michezo ikafutwa, Mwalimu haibandui kadi kimyakimya. Huwaita watoto wote, huitoa mbele ya macho yao, huweka “kuchora” mahali pake, na husubiri kila mmoja aione. Pengine hutumia dakika tano nzima kwa kadi moja, na asubuhi yote inayobaki huenda bila kilio.

Kabla ya kufundisha kwa mikono huvua bangili. Vitu vinavyong'aa huvuta macho, na macho ya watoto anayahitaji kwenye vidole. Hasimami na dirisha mgongoni, maana uso wake ungeingia gizani. Husimama akilielekea, mwanga umwangukie. Huchuchumaa mpaka macho yake yalingane na ya mtoto, hugusa meza, hungoja atazamwe. Ndipo husema: “Sasa tunanawa mikono, halafu tunakula uji.” Sentensi hutoka nzima mdomoni, lakini mikono hushika maneno mawili tu: viganja vikisuguana kwa “kunawa”, vidole vilivyokusanywa vikipanda mdomoni kwa “kula”. Yaliyobaki huachiwa sauti. Kuchagua mawili yale kati ya yote, papo hapo, darasa zima likimtazama, ndiyo kazi ninayoistaajabia kuliko zote.

Kusema na kuonyesha alama kwa pamoja namna hii kulipangwa kuwa mfumo nchini Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Margaret Walker, mtaalamu wa tiba ya usemi, na wenzake walipotafuta njia ya kuwasiliana na watu wazima viziwi wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakiishi hospitalini. Waliuita Makaton, na alama zake waliziazima kwa viziwi wa nchi yao. Mwalimu naye huazima kwenye Lugha ya Alama ya Tanzania, ili wanafunzi wake wakikutana na viziwi wa mji huu waelewane walau kidogo. Kwa mtoto kiziwi, alama mbili katika sentensi hazitoshi hata kidogo. Yeye anastahili lugha ile nzima, yenye sarufi yake, na Mwalimu huwaambia wazazi hivyo bila kuzunguka.

Kwa kadi, anafuata pia njia iliyobuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Mwalimu hukaa mbele ya mtoto na ndizi, kiganja wazi. Matroni wa kitengo hukaa nyuma ya mtoto. Mtoto akinyoosha mkono kuelekea ndizi, matroni huuongoza kwenye kadi, kisha kwenye kiganja cha Mwalimu, bila kusema neno. Kadi ikigusa kiganja, ndizi hutolewa hapohapo na jina lake hutajwa. Siku zinavyokwenda, matroni hupunguza msaada: kutoka kushika kifundo, hadi kugusa kiwiko, hadi kukaa tu.

Kuna msichana ambaye vidole vyake havikunjuki. “Kula” yake ni ngumi inayogusa kidevu. Mwalimu hajaribu kuinyoosha. Ameiandika daftarini, na mpishi na mlinzi wameonyeshwa, kwa hiyo ngumi ile inapopanda kila mtu anajua bakuli linatakiwa.

Siku ya Ijumaa huwachukua wanafunzi wa darasa la tatu, wale wasio na ulemavu, akawafundisha alama za wiki. Wana haraka, na mikono yao hupita mbele ya nyuso. Mwalimu huwasimamisha, hushusha kiwiko cha mmoja, husogeza vidole pembeni ya midomo. “Mkono usizibe mdomo,” anasema, “mwenzako anausoma pia.” Kisha wanarudia “kunywa” tangu mwanzo, mmoja mmoja, safu nzima.