Nani Mwingine Alikuwamo Nyumbani? Kumsoma Rosa Mistika kutoka Budondo

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa jinsi inavyozungumzia mapenzi waziwazi. Marufuku ile ilikwisha zamani, lakini naona imetuachia namna yake ya kusoma. Karibu maswali yote ya mtihani niliyoyaona yanauliza jambo moja: jadili chanzo cha kuharibika kwa Rosa. Mwanafunzi hujibu "malezi mabaya", hupata alama zake, tukafunga kitabu.

Jibu hilo si kosa, ila linaficha mengi. Zakaria ni mlevi. Anampiga bintiye kwa ajili ya barua ya kijana Charles, na mkewe Regina naye hasalimiki. Nyumba ile ya Ukerewe ina watoto wengine pia: Flora, Honorata, Stella, Sperantia na Emmanuel mdogo. Mwandishi amewaweka humo ndani, wakisikia. Sisi wahakiki hatujawauliza lolote. Tena, Rosa anapoanza sekondari akiwakwepa wavulana, tunaandika kwamba bado alikuwa na tabia njema. Mimi nauona kuwa ni woga ule ule wa nyumbani. Tukiuita woga adabu, basi hata kuanguka kwake baadaye hatutakuelewa.

Nilitambua hayo Budondo, kaskazini ya Jinja, kando ya mto Nile utokao katika ziwa lile lile linaloizunguka Ukerewe. Nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi. Mwanafunzi wetu aliandika ubaoni mfano tuliolishwa sote: "Baba anampiga mama." Kisha kauli ya kutendwa: "Mama anapigwa na baba." Darasa likacheka. Mtoto mmoja akalaza kichwa juu ya dawati. Wakati wa mapumziko alimrukia mwenzake kwa ajili ya kalamu, akaitwa mtukutu. Mwalimu wa darasa alininong'oneza kwamba nyumbani kwao ni ugomvi kila usiku, na kijiji kizima kinajua.

Mtoto huyo si lazima awe anapigwa yeye. Kuona na kusikia kunatosha. Mtoto mdogo wa nyumba ya namna hiyo hushtuka mlango ukibamizwa, hurudia kukojoa kitandani, huumwa tumbo asubuhi ya shule, husikiliza somo nusu nusu kwa kuwa akili iko macho kwa hatari. Wako wanaopiga wenzao, na wako wanaotulia kupita kiasi. Hawa wa pili ndio tunaowasifu katika ripoti za muhula. Na wengi, kwa udogo wao, hudhani kwamba ugomvi umeletwa na wao.

Sasa kitenzi "piga" ni mtumishi wetu wa sarufi: pigwa, pigia, pigana, pigisha. Hapa Uganda tulipaswa kuwa waangalifu kuliko wengine. Wazee wengi walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kikiwa amri za askari, hasa katika miaka ya Idi Amin, 1971 hadi 1979. Halafu tunaingia darasani na kipigo cha mfano!

Sisemi riwaya hii isifundishwe. Ifundishwe, Jinja na Mbale pia, ila swali la mtihani liwe pana zaidi: watoto wa Zakaria walijifunza nini ndani ya nyumba ile, na kila mmoja alikionyeshaje? Wala mwalimu asimlazimishe mwanafunzi kusimulia ya kwao mbele ya darasa ili kuthibitisha dhamira.

Tulipokaa kulisahihisha andalio la somo, mwanafunzi wangu aliniuliza mfano upi utafaa. Nikamwambia, "Mama anapika viazi." Akaandika, na chini yake: "Viazi vinapikwa na mama." Kisha akauliza, "Na yule mtoto, mwalimu, nimwambie nini?" Nilikawia kujibu. Nikamwambia asimhoji hadharani, amkalishe karibu na meza, amsikilize akitaka kusema, na amwone mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Nilimpa pia namba ya simu ya watoto, 116, ambayo hailipiwi. Akaiandika pembeni mwa andalio, chini ya viazi.